Suri Niliyoipima kwa Kiganja

Nilinunua suri ya mashini kwa kuipima uzito. Nianze na hilo mwenyewe, kabla jirani yangu hajakueleza, maana ameshaueleza mtaa mzima, na hata mafundi wa garaji ambao sijawahi kuwaona uso wanajua. Nilichukua suri mbili, hivi vipanya vya kusukuma kwa mkono mezani, nikaweka moja katika kila kiganja, nikafumba macho palepale mbele ya muuzaji, katikati ya kelele za soko la Nyawera, kama mtu anayechagua kabichi. Kisha nikachukua ile nzito. Sikuisukuma hata mara moja juu ya ubao. Sikubonyeza kitu. Nilipima, nikaridhika, nikalipa.

Usinicheke haraka. Kwetu Bukavu kila mtu hupima hivyo. Sufuria nyepesi itatoboka kabla ya Noeli. Pasi nyepesi ni sanamu ya pasi. Batri ya gari ikiwa nyepesi, ujue ndani mna maji na uongo. Kitu cha Ulaya ni kizito, cha kuigiza ni chepesi. Hilo tulifundishwa kabla ya kufundishwa Baba Yetu. Mama yangu hanunui hata kufuli bila kulirusha kidogo hewani na kulidaka. Mjomba wangu aliyechimba dhahabu miaka mingi kule Shabunda alikuwa akisema jicho linadanganywa, sikio linadanganywa, lakini kiganja hakina rafiki. Nilikwenda sokoni na hekima hiyo yote ya ukoo, nikasahau jambo moja dogo, kwamba dhahabu haisukumwi mezani kutwa nzima.

Ili uone kwa nini suri ilikuwa jambo la kufa na kupona, lazima nikueleze nilivyo. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine wanasema mvivu. Jirani anasema mimi ni kuku anayelalia mayai ambayo hayapo. Nilimaliza sekondari, nikapata diploma yangu, nikarudi kwa mama na kukaa, na mpaka leo nimekaa. Napenda kiti changu. Napenda dirisha langu linaloangalia mgongo wa nyumba ya watu wengine, na kile kipande cha ziwa kinachoonekana nikisimama juu ya ndoo. Kutoka kwangu ni misa ya Jumapili, na hata hapo naenda ile ya kwanza ili nirudi mapema.

Kinachoniruhusu kuishi hivyo ni kazi moja tu. Shule moja ya sekondari, hapo juu kwenye mteremko wetu, hunipa pointi za wanafunzi nizipange kwenye mashini, kompyuta yangu hii, na kutengeneza buletini, zile karatasi ambazo wazazi wanazisubiri siku ya proklamasio, majina yanaposomwa mbele ya watu wote na kila familia inajua mtoto wa mwenzake amepata asilimia ngapi. Madarasa ni kumi na moja. Nafanya kazi hiyo nikiwa nimevaa ndara na shati la kulalia, na hakuna mtu anayeniuliza.

Kazi hiyo ikipotea, kaka yangu mkubwa ana jibu tayari. Ana depo ya mbao huko Miti, na kila akipiga simu maneno ni yaleyale.

"Kitanda iko. Unahesabu mbao, unaandika, unakula. Unataka nini tena?"

Nilichotaka ni kutokwenda Miti. Sina ugomvi na Miti. Ni mahali pazuri sana pa kupita mtu akienda Kavumu. Lakini kuamka alfajiri, kusimama kwenye matope na kalamu sikioni, kubishana na madereva wa malori juu ya unene wa ubao, hayo nilimwachia Mungu awape wanaoyapenda. Na mama alikuwa ameanza kuchoka nami. Alishasema wazi kwamba siku shule itakapomtafuta mtu mwingine, atanifungia mfuko wangu mwenyewe kwa mikono yake.

Sasa jirani. Yeye ni fundi wa magari, anapanga chumba katika parseli, yaani kiwanja, iliyo ubavuni mwa yetu, na tunachukiana vizuri, bila kujificha. Magari yanayokwenda Sange na Uvira huondoka asubuhi, kwa hiyo kazi yake ya kuyakaza na kuyapulizia huanza gizani na kuisha mchana. Saa nane yuko nyumbani, amenawa, ana mikono mikubwa kama koleo na hana la kufanya.

Mashini ni yangu. Umeme ni wake. Huo ndio msiba wetu. Umeme wa mji huja unapojisikia, lakini yeye ana plake ya umeme wa jua juu ya bati na batri nene chini ya kitanda, na waya kutoka kwenye batri hiyo unapita juu ya ukuta mpaka dirishani kwangu. Bila waya wake mashini yangu ni sanduku. Bila mashini yangu, batri yake ni ya kuchaji simu tu. Basi tulikubaliana zamani: asubuhi hadi saa nane mashini ni ya buletini zangu, saa nane hadi jua lizame ni ya michezo yake, ile ya kupigana bunduki na wenzake wa garaji kupitia mtandao wa simu. Anakuja sebuleni kwetu bila kubisha hodi, anaketi kwenye kiti changu, na akiondoka anakiacha na joto lake. Hilo joto nimelichukia kuliko vitu vingi duniani.

Suri yetu ya kwanza ilikufa kifo cha polepole. Ukibonyeza mara moja, yenyewe inasikia mara mbili. Mimi nafungua orodha moja, zinafunguka mbili. Yeye anatupa bomu moja, mfuko wake wote wa mabomu unaisha.

"Ni vidole vyako," nilimwambia. "Unapiga vita nzima juu ya suri yangu."

"Na weye? Unabonyeza kila namba sawa vile unaua mende."

Ungedhani dawa ni kila mtu kununua suri yake. Lakini mashini ile ni mzee. Matundu yake ya pembeni yamekufa moja baada ya jingine, na lile la mwisho lililobaki lilikuwa limelegea kama jino la mtoto. Ukichomoa na kuchomeka kila siku saa nane, mwezi hauishi, nalo limekwenda. Kwa hiyo ilibidi suri iwe moja, ichomekwe mara moja, isiguswe tena. Moja ya kazi na ya mchezo, ya mkono wangu na wa kwake, ya watu wawili ambao hawawezi kukubaliana hata kwamba mvua inanyesha.

Tulibishana siku mbili. Yeye alitaka nyepesi, yenye vibonyezo viwili pembeni kwa kidole gumba. Alisema katika mchezo ni lazima ugeuke ghafla, na mkono hauwezi kugeuka ghafla ukiwa unavuta jiwe. Mimi nilitaka suri inayokaa pale nilipoiweka, kwa sababu mstari wa jina la mwanafunzi ni mwembamba, na ukiteleza kidogo tu mtoto wa watu anapewa hesabu za mtoto wa watu wengine. Hakuna aliyetaka ile isiyo na waya. Hapo peke yake tulikubaliana, maana inakula pili, zile batri ndogo, na sisi tayari tulikuwa na ugomvi wa kutosha juu ya batri.

Siku nilipotoka kwenda kununua, alikuwa anapita na ufunguo wake wa magurudumu begani.

"Leta ya mwepesi," alisema. "Unasikia? Mwepesi. Hata ukisahau jina yako."

Na mimi, kwa sababu aliyesema ni yeye, nikaamua moyoni kwamba mwepesi ni bure. Huo ndio ukweli wenyewe. Laiti angeniambia nilete nzito, labda ningerudi na nyepesi.

Muuzaji alikuwa mama mmoja mwenye mwavuli wa rangi nyingi na meza ya chaja, nyaya, na suri zilizopangwa kama sambaza, visamaki vya ziwa letu, kwenye sinia. Nilikuwa nimetembea kuteremka na kupanda mpaka Nyawera, nimesukumwa na wabeba mizigo, nimeitwa na watu wa pikipiki kana kwamba uso wangu umeandikwa kwamba sipendi kutembea. Sikufika pale na roho nzuri.

"Papa, ni ya kazi ao ya kucheza?"

"Zote mbili."

Hakushangaa hata kidogo. Alichukua moja nyeusi, haina taa, haina maringo, waya wake umevikwa uzi kama kamba ya viatu, na pembeni ina vile vibonyezo viwili.

"Basi ni hii. Mutu anatumika nayo kazi siku muzima, mukono hauchoke. Na benye kucheza banaipenda."

Nikaipokea. Ilikuwa haina kitu. Nilihisi kama nimeshika ganda la yai.

"Mama, ndani ya hii hamna kitu."

"Papa, suri hailiwe. Unaisukuma."

"Na ile?"

Ile ilikuwa pana, imevimba mgongo, na chini yake inawaka taa nyekundu. Nikaipima. Kiganja changu kikashuka kwa heshima. Nikamwangalia yule mama kwa jicho la mtu aliyegundua njama. Niliona wazi kwamba alitaka kuniuzia ile tupu ili nzuri abaki nayo kwa mteja mwenye akili.

"Jaribia kwanza," alisema. "Ubao iko pale. Sukuma."

"Mama, mimi si mtoto."

"Sijasema uko mutoto. Nasema jaribia."

Ndipo nilipofumba macho. Waliokuwa karibu walisimama kutazama, nami nikadhani wananistaajabia.

Saa nane jirani aliingia, akaichukua mezani kabla sijasema kitu, akaipandisha na kuishusha. Mama yangu alikuwa anachagua maharagwe mlangoni.

"Maman," alimwita, "mutoto yako alienda kununua suri, akaleta pasi."

"Ni ya Ulaya," nilisema.

"Ulaya gani? Ulaya ya mawe?"

Mama akacheka mpaka maharagwe yakamwagika, na sikumsaidia kuyaokota.

Jioni ile jirani alicheza na akapigwa. Akacheza tena, akapigwa tena. Kila mara alieleza kwa sauti, ili nami nisikie kule chumbani: akigeuka kulia, suri inafika kulia wakati adui ameshampiga na kwenda kunywa chai. Mwenzake mmoja wa garaji akamwandikia kumuuliza kama anacheza kwa miguu. Nilifurahi sana. Nilifurahi usiku kucha. Sikujua kwamba zamu yangu inakuja.

Kupanga buletini ni safari. Unatoka kwenye jina unakwenda kwenye pointi za Kifaransa, unarudi, unakwenda hesabu, unarudi, unashuka hadi jumla, unapanda kwa jina linalofuata, na darasa moja lina vichwa hamsini. Siku ya kwanza nilijiambia suri ni imara. Siku ya pili nilijiambia imara sana. Siku ya tatu bega lilianza kunong'ona, na ya nne kifundo cha mkono kilivimba kama andazi. Nilikuwa navuta kitu kile kutoka upande huu wa meza hadi ule kama ng'ombe wa plau, na kwa kuwa taa yake haikupenda meza yetu yenye kung'aa, kila baada ya kidogo mshale uliruka na kwenda pembeni ya skrini kujificha. Niliweka daftari chini yake. Ukapunguza kujificha, haukuacha. Mama alinifunga mkono kwa kitambaa kilichochovywa maji moto ya chumvi, akauliza nimeumia wapi. Nikasema nimelala vibaya. Ningewezaje kusema nimeumizwa na kipanya?

Jumatano asubuhi mkuu wa shule, ambaye sisi tunamwita Prefe, alipita mwenyewe. Mtu huyu hapandi ngazi zetu kwa salamu tu. Alisimama nyuma ya kiti changu na mikono mgongoni.

"Umefika darasa la ngapi, Papa?"

"La tano, Bwana Prefe. Namaliza leo."

"Kati ya kumi na moja."

"Ndiyo, Bwana Prefe."

Akautazama mkono wangu uliofungwa, akautazama kama mtu anayetazama gurudumu lililotoboka la gari ambalo si lake.

"Proklamasio ni Jumamosi. Ijumaa saa kumi kama sina madarasa yote, natuma kazi kwa sekretaria ya pale chini, bale benye kuchapisha karatasi. Bana mashini tatu, na balishaniomba mara mbili. Sikukasirikie. Lakini wazazi hawatakasirikia weye, watanikasirikia mimi."

Akashuka. Mama, ambaye masikio yake hayajazeeka hata siku moja, alikuwa tayari ameshika simu. Kabla ya saa sita kaka yangu alipiga.

"Nasikia mukono inauma. Huku Miti tunaandika na kalamu. Kalamu haina uzito."

Nikamwambia sauti yake inakatika, nikakata.

Mchana huo nililala kidogo, mkono ukiwa juu ya mto. Nilipoamka nikatoka sebuleni, nikakuta suri imelala chali mezani, imefunguliwa, tumbo wazi, na jirani ameinama juu yake na bisibisi yake ndogo ya kabureta mdomoni. Hakuniomba ruhusa. Hajawahi kuniomba.

"Nani alikuambia uifungue?"

Aliingiza ncha ya bisibisi ndani, akabandua kitu, akakiweka kwenye kiganja chake na kukiinua nikione vizuri. Kipande cha chuma. Chuma tu, cheusi, ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, kilikuwa kimegundishwa ndani kwa gundi. Hakikushikana na waya wowote, hakikuwa na kazi yoyote duniani isipokuwa kuwa kizito.

"Angalia Ulaya yako," alisema.

Akamwita mama. Mama akaja, akakichukua, akakirusha kidogo hewani na kukidaka kama kawaida yake.

"Iko muzuri," alisema. "Itashikilia mulango ya jikoni."

Akaondoka nacho. Nilisimama pale na kitambaa changu cha chumvi, na mtu akiaibika mbele ya adui husema lolote. Nilimwambia kwamba yeye ni mharibifu, kwamba magari anayoyatengeneza ndiyo yanayolala njiani kwenda Sange, kwamba mikono yake haifai kugusa kitu ambacho hakinywi mafuta. Yeye akaifunga suri kwa utulivu, akaichomeka. Ilikuwa nyepesi sasa. Lakini gurudumu lake halikuzunguka tena, na baada ya muda ile taa nyekundu ikafifia, ikafumba jicho, ikafa kabisa.

"Umeiua," nilisema. "Usirudi tena kwenye nyumba hii."

"Nisirudi?"

"Usirudi."

"Sawa," alisema.

Akatoka. Nikamsikia anapanda juu ya ukuta. Waya ukatikisika dirishani, ukalegea, ukavutwa upande wa kwake kama nyoka anayerudi shimoni.

Alhamisi kulipokucha sikuwa na suri wala umeme. Wa mji haukuwapo, na hakuna aliyejua utakuja lini. Madarasa sita yalikuwa bado. Nilikaa mbele ya skrini nyeusi nikajiona ndani yake: mtu mzima, nywele zimesimama, mkono umefungwa kama mtoto aliyeanguka kwenye mti. Mama alikuwa anakunja mashati yangu mawili. Alikunja vizuri kabisa, kama mtu anayekunja nguo za safari.

Nikavaa viatu. Kutoka mlango wangu hadi wa kwake ni hatua arobaini, na sijawahi kuzitembea kwa hiari. Nilimkuta uani anafunga kamba za buti. Wapangaji wenzake walikuwa wanapiga mswaki kuzunguka ndoo, na waliponiona walipunguza kelele za midomo ili wasikose neno.

"Unataka nini?" aliuliza, bila kuinua kichwa.

"Waya."

"Na suri?"

Nikaiangalia ndoo ya wapiga mswaki.

"Na suri, jirani? Ao utasukuma na kidole?"

"Na suri."

"Kwanza sema ulichagua mubaya."

"Nilichagua vibaya."

"Sema ulipima suri sawa unapima kilo ya maharagi."

Mmoja wa wale wa mswaki alikohoa povu. Nilitazama kamba za buti zake. Nikafikiria matope ya Miti, nikafikiria kalamu sikioni.

"Nilipima suri kama kilo ya maharagwe," nilisema.

"Na macho ulifunga."

"Nani alikuambia?"

"Mama wa Nyawera. Nilienda kwake jana, kabla afunge meza. Anaeleza kila mutu. Anasema alidhani unasali."

Hapo wale wa mswaki walishindwa, wakacheka wazi wazi, na mimi nikasubiri wamalize, maana nilikuwa sina pa kwenda. Jirani akaingiza mkono mfukoni mwa koti lake la kazi, akatoa suri. Nyeusi, haina taa, waya wake kama kamba ya viatu. Ile ile niliyoirudisha mezani nikisema ndani hamna kitu.

"Hii ni yangu," alisema. "Si yetu. Yangu. Weye unaiazima. Ukiichomeka, uichomeke polepole, ile tundu inakufa. Leo na kesho sichezi. Jumamosi nakuja saa nane, na nataka kiti kiwe baridi."

Nikaipokea kwa mkono mzima. Nilipofika nyumbani waya ulikuwa umesharudi dirishani.

Nisiseme uongo juu ya suri ile, ingawa ningependa. Ilikwenda mahali nilipotazama. Vidole viwili vilitosha kuisukuma; kiganja kilibaki kimelala juu ya meza, na kifundo kilichovimba kikapata likizo. Mshale haukuruka. Kile kibonyezo cha kidole gumba ambacho jirani alikitaka kwa mabomu, mimi nikagundua kinanirudisha kwenye ukurasa niliotoka, na kwa mtu anayekwenda na kurudi siku nzima kati ya orodha na buletini, hiyo ni kama kupewa mtumishi. Hata kelele yake ilikuwa ndogo. Ilifaa kwa kazi na ilifaa kwa mchezo, sawasawa kama yule mama alivyosema kabla sijafumba macho, na jambo hilo liliniuma kuliko mkono. Mtu anaweza kusamehe adui yake akikosea. Akiwa na haki, ni vigumu.

Alhamisi nilimaliza madarasa matatu. Alasiri nilimsikia jirani uani kwake, amerudi kazini, hana la kucheza, anagombana na jogoo wa watu. Mara mbili alikuja kusimama dirishani, akanitazama ninavyosukuma.

"Usifinye sana."

"Sifinyi."

"Unafinya. Nasikia mpaka kwangu."

Ijumaa nilianza kabla ya chai. Darasa la tisa, la kumi. Katika la kumi na moja kulikuwa na mwalimu ambaye saba zake na moja zake ni pacha, ikabidi nimpigie simu mara nne. Saa tisa na nusu nikaandika jina la mwisho, nikaweka kazi yote kwenye fleshi, nikakimbia. Mimi, kukimbia, juu ya mteremko ule, mchana, mbele ya watu. Wanawake wa kisimani walisimama wakadhani kuna moto.

Prefe alikuwa mezani. Akaitazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi ninavyohema.

"Madarasa yote?"

"Kumi na moja, Bwana Prefe."

Akachomeka, akafungua moja moja, bila haraka, na kila darasa lilipofunguka niliona kitanda cha Miti kinarudi nyuma kidogo. Mwishowe akachomoa fleshi na kuiweka mfukoni mwake.

"Muhula ujao kazi ni yako vile vile," alisema. "Lakini uanze mapema. Na utafute viatu."

Nilikuwa nimekimbia na ndara.

Nyumbani mama alikuwa ameshakunjua yale mashati. Alikaanga sambaza, akapakua sahani moja, akaifunika, akanisukumia.

"Peleka kwa jirani. Na useme aksanti, na midomo yako mwenyewe."

Nilitembea zile hatua arobaini kwa mara ya pili katika wiki moja, ambayo kwangu ni kama hija. Alikuwa ameketi kwenye tairi, anasugua plagi za injini kwa brashi. Nikampa sahani. Akaipokea bila kuitazama, akala samaki wawili na vichwa vyao.

Nikajikaza. Nilimwambia kwamba kazi imepokelewa, kwamba Prefe ameridhika, kwamba bila suri yake na waya wake ningekuwa sasa niko njiani kwenda kuhesabu mbao, na kwa hiyo, ingawa sisi ni hivi tulivyo, namshukuru.

Alitafuna mpaka akamaliza, akajifuta vidole kwenye suruali.

"Usinishukuru," alisema. "Ukienda Miti unaenda na mashini, na mimi nabaki hapa na batri sawa mutu mwenye kijiko bila chakula. Kama ni juu yako weye mwenyewe, hata ungeenda leo singeuliza."